Nani Alikuwa Akijaza Ndoo? Kisa cha Nyumba Moja ya Ujiji

Asubuhi ya Jumatatu, 29 Juni 2020, shule zilipofunguliwa tena nchi nzima, ndoo ya koki ya kunawia mikono iliyokuwa mlangoni kwa shangazi yangu, Ujiji, Kigoma, ilikuwa imejaa hadi shingoni. Jumatano jioni nilirudi kutoka kazini, nikafungua koki, yakatoka matone machache na kipande cha jani. Wiki iliyofuata nikamkuta kuku amejilaza juu ya mfuniko. Tangu Machi hatukuwahi kuikuta ndoo ile tupu hata siku moja.

Nikiwasimulia watu hili, wengi hunijibu haraka: hofu ya corona iliisha, watu wakachoka, ndivyo tulivyo. Mimi nilikuwa naishi kwenye nyumba ile miezi yote hiyo. Nafundisha jiografia, na shule zilipofungwa nikabaki nyumbani bila vipindi, nikaanza kuandika kwenye daftari kila dumu lililoingia na, kwa kadiri nilivyoweza, lilikokwenda. Daftari lile linasema jambo jingine kabisa. Nimeona nilieleze taratibu, kwa sababu naamini tumewalaumu watu kwa kosa lisilo lao.

Kwanza nyumba yenyewe. Shangazi ni mjane, Mmanyema, mzaliwa wa Ujiji. Tulikuwa tisa: yeye, mwanawe, ninayemwita kaka, anayenunua dagaa mwalo wa Kibirizi na kuwauza Mwanga, hapa hapa Kigoma, wifi yangu ambaye ni mke wa huyo, watoto wao watano, na mimi. Mkubwa wa watoto ni binti, mwaka ule alikuwa na miaka 13 na alikuwa darasa la saba. Anayemfuata, wa kiume, alikuwa na miaka 11. Kitinda mimba alikuwa hajatimiza minne. Uani kuna migomba mitatu, choo cha shimo pembeni, na jiko upande wa pili wa ua. Bomba halikuwepo. Maji tuliyapata sehemu tatu: kioski cha mgao kilichokuwa umbali wa kama mita 400, maji ya bati yanayoingia kwenye pipa wakati wa mvua, na ziwa.

Mtu wa mbali akisikia Kigoma hudhani maji si shida, maana Ziwa Tanganyika liko pale pale, la pili kwa kina duniani, karibu mita 1,470 kwenda chini. Lakini kina hicho hakimtui mtu dumu kichwani. Nyumba inapata maji kwa kadiri ya shingo zilizopo za kuyabeba.

Kabla ya corona tulitumia madumu tisa kwa siku, mara nyingine kumi. Dumu ni lita 20, kwa hiyo ni lita 180 mpaka 200, yaani kama lita 20 kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani huchukua lita 20 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha mwanzo: zikipatikana, mtu atakunywa, atapika na atanawa mikono, lakini kufua na kuoga nyumbani kutakuwa kwa shida, isipokuwa afuate maji yaliko. Sisi tulikuwa hapo hapo kwenye ukingo. Ukiongeza matumizi yoyote mapya juu ya hapo, lazima kitu kingine kipungue au mtu abebe zaidi. Hakuna njia ya tatu.

Na nisieleweke vibaya kuhusu kunawa. Hakuna aliyekuja Ujiji mwaka 2020 kutufundisha kunawa mikono. Chakula kikiandaliwa, mtoto anapita na birika na beseni, anaanza na wakubwa, kila mmoja anamiminiwa. Udhu ni mara tano kwa siku. Shangazi anakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, alipokuwa msichana mdogo, watu wamekaa mkekani kuizunguka redio moja, kisha siku ya pili yake wanaume wanachimba vyoo. Watu kama milioni mbili walishiriki katika vikundi vile nchini. Na mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi waliporundikana Kagunga, kijiji cha mpakani, na kipindupindu kikaingia, meli ya MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma mjini na Uwanja wa Lake Tanganyika ukajaa watu, nyumba hii ilichemsha kila tone la kunywa. Kwa hiyo elimu ilikuwepo. Kilichokosekana ni sabuni mahali pa kunawia, na maji ya kunawia baada ya kutoka msalani, ambayo yalikuwa ni yale yaliyobaki kwenye kopo, kama yalibaki.

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, Arusha. Kesho yake ikatangazwa kwamba shule zinafungwa. Wiki hiyo hiyo kaka alirudi kutoka Mwanga na ndoo ya plastiki ambayo fundi alikuwa ameitoboa kwa chuma cha moto na kuifunga koki na mpira. Ikawekwa juu ya stuli mlangoni, pembeni yake sahani yenye kipande cha sabuni kilichokatwa kwenye mche. Shangazi akahamishia kiti chake barazani. Mgeni akipiga hodi, kabla hajakaribishwa anaambiwa, "Nawa kwanza, baba." Mpaka shehe wa msikitini aliambiwa, naye akanawa.

Mambo mengine yalibadilika kimya kimya, na ninayataja kwa kuwa yote yalikunywa maji. Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili. Kwetu futari ni sinia moja, mikono yote humo. Mwaka ule shangazi aliamua kila mtu apakuliwe sahani yake. Wifi akawa anaosha sahani, vikombe na vibakuli ambavyo zamani havikushuka kabatini ila kwa wageni. "Vyombo vimekuwa vya harusi," alisema, na kweli dumu zima lilikwisha kwenye vyombo vya usiku. Kaka naye akitoka Kibirizi alivulia nguo uani na kuzitia kwenye beseni moja kwa moja. Kujifukiza hakukula maji mengi, sufuria moja tu ya majani na malimao, ila mkaa ulikwenda.

Katikati ya Mei daftari langu linaonyesha madumu 13 kwa siku. Manne yameongezeka. Moja ni la vyombo na nguo. Matatu yote yaliingia kwenye ndoo ya koki.

Matatu ni mengi mno kwa kunawa mikono, nikataka kujua kwa nini. Nilichukua kopo la lita moja, nikaliweka chini ya koki, nikafungua kama watu walivyokuwa wakifungua, nikahesabu hadi 20. Kopo lilijaa nikiwa kwenye 13, likaanza kumwagika. Kwa sekunde 20 ni lita moja na nusu. Watu tisa, kila mmoja mara tano kwa siku, ni mara 45. Ukizidisha unapata karibu lita 68. Madumu matatu na zaidi kidogo. Hesabu iliniingia kama baridi.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu nadhani neno moja lilitugharimu. Tangazo lilisema tunawe kwa maji tiririka na sabuni, kwa sekunde zisizopungua 20. Aliyetunga alikuwa anatuonya tusitumbukize mikono kwenye beseni moja la maji yaliyotulia, na hilo lilikuwa onyo zuri. Lakini masikio yetu yalisikia kwamba maji yatiririke muda wote huo. Koki inafunguliwa, sabuni inashikwa, mtu anahesabu au anasoma kitu kifupi moyoni, na maji yanakwenda. Sekunde 20 ni za kusugua. Sabuni inahitaji muda wa kuuvunja utando wa mafuta unaofunika kirusi cha corona na kung'oa uchafu ulioganda kwenye ngozi, na kazi hiyo haihitaji maji yanayomwagika, inahitaji mikono iliyolowa na povu. Maji yanahitajika mwanzo kidogo na mwisho kidogo. Ukifunga koki wakati wa kusugua, lita moja na nusu inashuka kuwa nusu lita. Madumu matatu yanakuwa dumu moja na ushei.

Aliyegundua hili mapema kuliko mimi na kopo langu ni yule binti. Alianza kusimama karibu na ndoo, na mtu mzima akianza kujipaka sabuni, yeye anapitisha mkono na kufunga koki. Mara ya kwanza alimfanyia jirani, mzee wa makamo, na shangazi akamkemea kwa kukosa adabu. Akaacha kwa siku mbili, kisha akaendelea. Akinifanyia mimi alisema tu, "Shangazi, samahani," macho chini. Nilidhani ni utundu wa mtoto aliyekaa nyumbani muda mrefu. Sikujiuliza kwa nini ni yeye tu, kati ya watu tisa, anayeumia koki ikiachwa wazi.

Jibu lilikuwa kwenye daftari langu mwenyewe, safu ya tatu, niliyoiandika kwa mazoea tu: aliyeleta.

Machi na Aprili hatukuona uzito wowote, mvua ilikuwa inanyesha na pipa linajaa lenyewe. Ndoo ilijazwa kwa kata mbili tatu kutoka pipani, hata mtoto wa miaka sita aliweza. Mvua ya mwisho niliyoiandika ni ya katikati ya Mei. Baada ya hapo kila dumu lilitoka kioski, na kwenye safu ya tatu majina yanayojirudia zaidi ni mawili, la binti na la mdogo wake. Binti alikuwa akileta madumu matano mpaka sita kwa siku. Safari moja, pamoja na foleni siku za mgao, ilichukua dakika 40 hivi. Yale madumu matatu ya kunawia peke yake yalikula saa mbili za siku yake. Dumu likijaa lina uzito wa kilo 20. Alikuwa na miaka 13, mwembamba, na utosini alikuwa na kata ya khanga aliyoikunja vizuri sana, kwa ustadi wa mtu anayeijua kazi yake.

Hakulalamika, maana shule zilikuwa zimefungwa na hakuna aliyeona kuwa anapoteza kitu. Sisi wakubwa tulisema, "Si yupo tu nyumbani?" Nami nilisema hivyo, nimekaa barazani na kalamu. Jambo hili linaniuma hadi leo na sitaki kulipamba.

Sasa turudi kwenye siku ndoo ilipokauka. Maelezo yanayoweza kutolewa ni matatu, na kwa bahati tarehe zake hazikugongana, kwa hiyo yanaweza kupimwa moja moja.

La kwanza ni hofu. Mwisho wa Aprili takwimu za wagonjwa ziliacha kutolewa, na mwanzoni mwa Juni Rais John Magufuli alitangaza kwamba corona imeondoka nchini kwa uwezo wa Mungu. Kweli hofu ilishuka mtaani, watu wakaanza kupeana mikono, na sinia likarudi kwetu kabla hata ya tangazo hilo, tangu Idi. Lakini ndoo haikukauka mwanzoni mwa Juni. Iliendelea kujaa wiki tatu zaidi. Watu waliokuwa hawaogopi tena waliendelea kunawa mlangoni kwa sababu maji yalikuwa pale, mkono umeshazoea.

La pili ni mvua. Kiangazi kilianza Mei, na ndoo ikaendelea kujaa kwa wiki sita bila tone kutoka mbinguni.

La tatu ni mbebaji. Tarehe 29 Juni binti na mdogo wake walirudi shule. Yeye alikuwa na mtihani wa darasa la saba mwezi Oktoba, na vipindi viliongezwa ili kufidia miezi iliyopotea, kwa hiyo aliondoka alfajiri na kurudi jua linazama. Mimi pia nilirudi kazini. Madumu yakashuka kutoka 13 hadi tisa ndani ya siku tatu, na hakuna kikao chochote kilichokaa kuamua kwamba ndoo ya mlangoni isijazwe. Wifi aliangalia maji aliyonayo na midomo ya kulisha, akafanya ambacho kila mama angefanya.

Kuna nyumba ya kulinganisha, ya tatu kutoka kwetu. Wao walikuwa na bomba uani na tangi dogo la kuhifadhia siku za mgao. Hawakuogopa corona kuliko sisi. Baba mwenye nyumba ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema ugonjwa huu ni wa wakubwa wa mjini. Lakini ndoo yao ilikuwa na maji mpaka Desemba. Kwao kujaza ndoo kulikuwa ni kufungua bomba na kusubiri.

Kisha kukaja kipimo cha pili, kikali kuliko cha kwanza. Januari na Februari 2021 hofu ilirudi kwa nguvu zote. Tulizika. Watu walikuwa wanasema "changamoto ya upumuaji" na kila mtu anaelewa. Shangazi alitoa ndoo stoo, akaiosha, akairudisha mlangoni, na safari hii alikuwa na hofu ya kweli, si ya redio. Na mvua zilikuwa zinanyesha, pipa liko karibu. Ilijaa kama siku kumi. Mvua ilipokatika kwa wiki moja, kama inavyofanya mara nyingine katikati ya msimu, ndoo ikakauka tena, huku misiba bado inaendelea mtaani. Waliobaki na barakoa walibaki nazo, tangawizi na malimao yalichemshwa kila jioni, lakini ndoo haikupata mtu. Watoto walikuwa shule. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kabisa habari ya kwamba watu hawanawi kwa kuwa hawaogopi.

Lipo jambo jingine ambalo daftari halikulionyesha na ilibidi nilione kwa macho. Juni 2020, maji yalipobana, kuoga kwa watoto wa kiume na kufua kulihamia ziwani. Wifi alibeba beseni la nguo mpaka ufukweni mara mbili kwa wiki, na watoto wakamfuata, wakaingia majini, wakacheza mpaka midomo ikabadilika rangi. Nyumbani tulikuwa tunanawa kwa sabuni dhidi ya kirusi, na wakati huo huo tunawapeleka watoto kusimama saa nzima kwenye maji ya kichocho. Konokono wa pwani tulivu ndio wanaokibeba, na vijidudu vyake hupenya ngozi nzima, haihitaji kidonda. Maji ya kioski tuliyoyaokoa kwa kutooga nyumbani ndiyo tuliyoyamwaga mlangoni kwa koki iliyoachwa wazi. Sijui njia nyepesi ya kulisema hilo. Tulihamisha hatari kutoka mlangoni hadi ufukweni, kutoka kwa wakubwa hadi kwa watoto, na tukaita usafi.

Je, kunawa kwenyewe kulikuwa na faida? Baadaye ilikuja kufahamika wazi kwamba corona husambaa zaidi kwa hewa, katika vyumba vilivyofungwa, kuliko kwa kugusa vitu. Kama tungejua hivyo mapema, baraza na dirisha wazi vingepewa heshima zaidi kuliko ndoo. Hata hivyo nisingependa mtu achukue hilo akaitupa sabuni. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kunawa mikono kwa sabuni hupunguza magonjwa ya kuhara kwa karibu asilimia 30, na katika mji ambao kipindupindu kinaijua njia yake, hilo ni jambo kubwa kuliko corona yenyewe. Kwa hiyo swali la nyumba yetu halikuwa tunawe au tusinawe. Lilikuwa tunawe vipi ili shingo ya mtoto mmoja isilipe.

Aliyelitatua ni shangazi, katikati ya mwaka 2021, na hakutumia hesabu yangu. Alitumia kibaba. Imepokewa kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na kuoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba ni kama robo tatu ya lita, au pungufu kidogo. Nilipomwambia koki inamwaga lita moja na nusu kwa kunawa mara moja, alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, udhu wangu mimi ni kibaba kimoja na unafika mpaka miguuni. Viganja viwili vinakula vibaba viwili?" Akaona ni israfu, na israfu kwake ni dhambi, hata ukiwa kando ya mto unaopita. Ziwa lilikuwa linaonekana kutoka pale tulipokaa.

Akamwambia kaka amtengenezee kibuyu chirizi. Tulikuwa tumekiona miaka ya nyuma kwenye matangazo ya vyoo, wakati wa ile kampeni ya Usichukulie Poa, Nyumba ni Choo, lakini hatukuwahi kukitundika. Ni dumu la lita tano la mafuta ya kula. Kaka alipasha msumari, akatoboa tundu moja dogo upande wa mbele, juu, chini kidogo ya mfuniko. Akapitisha kijiti kwenye mkono wa dumu na kulitundika kwenye nguzo mbili hatua nne kutoka mlango wa choo. Kamba ikafungwa shingoni mwa dumu na kushuka hadi kwenye fimbo iliyolala chini. Ukikanyaga fimbo, dumu linainama na maji yanachirizika kama uzi. Ukiondoa mguu, linanyanyuka na maji yanakata yenyewe. Unaposugua huwezi kuyaacha wazi hata ukitaka, maana mguu unachoka. Mkono haugusi chochote. Nilipima mara tatu: dumu moja linanawisha watu 20 mpaka 25. Kule kunawa mara 45 kwa siku sasa kunatumia lita kama kumi, nusu dumu kubwa, badala ya madumu matatu.

Lakini hata lita kumi zinahitaji mbebaji, na hapa ndipo naona akili yake ilipozidi ya kwangu. Mimi nilipendekeza zamu, majina yaandikwe ukutani. Shangazi alikataa. Alisema zamu ya maji siku zote humwangukia msichana, hata ukiandika jina la nani. Badala yake akaweka sheria kwamba kila anayeingia kuoga, kabla hajajimwagia, anamimina kopo moja la lita kutoka kwenye ndoo yake ya kuogea kwenye dumu lile, ambalo liko njiani kuelekea bafuni. Tisa tunaoga, makopo tisa. Maji yale yalikuwa yameshabebwa tayari. Hakuna safari mpya ya kioski, hakuna kazi mpya yenye jina la mtu. Anayeogea nusu ndoo siku za shida anatoa nusu kopo. Maji yanayodondoka yanaingia kwenye kijifereji hadi kwenye mgomba wa kwanza, na mkungu wake unawatambia wenzake wawili.

Kibuyu hicho kimedumu. Dumu lenyewe limebadilishwa mara tatu, plastiki ikiliwa na jua hupasuka tunduni. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Kagera, na mwaka 2024 homa ya nyani ilipoenea Burundi, ng'ambo ya mpaka wetu, ndoo za koki zilianza tena kuonekana milangoni. Kwa shangazi hakikuongezwa kitu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyepita nyumba kwa nyumba alisimama pale uani, akakanyaga fimbo, akanawa, kisha akauliza nani anajaza. Binti, ambaye sasa alikuwa mrefu kuliko mama yake na yupo sekondari, ndiye aliyejibu: "Kila anayeoga." Mhudumu aliandika.

Yapo yasiyokaa sawa. Sabuni ndiyo inayotusumbua zaidi. Kipande kikiachwa wazi kunguru anakichukua, nimemwona kwa macho yangu akiruka nacho juu ya bati. Tumejaribu kukitia kwenye kipande cha neti na kukining'iniza, kunguru ameshindwa, lakini mvua inakiyeyusha. Maji ya sabuni ndani ya chupa ya plastiki iliyotobolewa mfuniko yanafaa zaidi, ila watoto hufinya kwa kuchezea. Mtoto wa mwisho hakuweza kukanyaga fimbo mpaka alipofika miaka mitano na nusu. Kabla ya hapo alinawa pale tu mtu mwingine alipokuwepo.

Na jiko liko upande wa pili wa ua. Anayetoka chooni ananawa, kibuyu kiko njiani. Anayetoka kuparua samaki au kumsafisha mtoto na kuingia jikoni kukanda unga hapiti pale, ananawa kwa maji ya kata bila sabuni kama zamani. Wifi amelalamikia hilo mwaka mzima. Nguzo mbili zimeshachimbiwa karibu na mlango wa jiko. Mabishano yaliyobaki ni maji ya dumu la pili yatolewe wapi, maana jikoni hakuna anayeoga. Wifi anasema yatoke kwenye maji ya kusuuzia mchele, ya mwisho, yaliyo safi. Shangazi hataki, anasema yatanuka na kuziba tundu. Jumapili iliyopita waliweka kopo moja la maji hayo juani, wasubiri siku mbili, waone.